Mwanamke Aliyejibu Hodi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Bakhit, uliyekatiza mkutano wa wizara ukaja kukaa nasi. Sheikh wetu, Sheikh Hamood. Wazee wetu mlioletwa na wajukuu zenu na bado mnagombania viti vya mbele. Mama yangu mzazi, uliyekaa hapo na mtandio wa kijani. Ndugu wageni waalikwa, wa hapa Maskati na mliotoka Uingereza. Na zaidi ya wote mwenye shughuli yake, Bi Mahbuba: asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mie ni Ibtihal bint Jaifar. Kamati imenipa kazi ya kumuaga Bi Mahbuba kwa sababu, walivyosema wao, nnajua kusema. Walichokusudia ni kuwa sijui kunyamaza. Jana humu ukumbini kacheza mchezo wake wa mwisho, leo anaacha jukwaa, na mtu akiagwa husifiwa. Nitamsifu. Lakini nna swali moja la kuuliza kabla sijashuka hapa, swali la nyumba yetu, na Bi Mahbuba mwenyewe ndiye aliyenishikilia nisishuke bila ya kuliuliza.

Bi Mahbuba kazaliwa Unguja, Mkunazini, akapelekwa Uingereza angali mdogo, akakulia Portsmouth katika nyumba iliyokuwa ikinuka mchuzi wa papa mpaka majirani wakalalamika. Skuli walipomtafutia nafasi katika mchezo walimpa awe mti. Akawa mti, na mamaake akiapa kuwa watu waliutazama mti wakasahau kumtazama mtoto wa mfalme. Alipokwenda London kusomea uigizaji babaake alinuna mwaka mzima, kisha siku moja akaenda kumtazama kwa siri, akakaa nyuma kabisa, akarudi akamwambia mkewe: yule si mwanetu, yule mtu mwengine. Alikusudia kusifu. Nyumba ile ilikuwa haijui kusifu.

Kisha ikaja sinema, ikaja televisheni. Tuseme kweli, ndugu zangu: kwa miaka mingi Waingereza hawakujua wampe kazi gani mwanamke wa rangi yake ila kufa. Kafa kwa sumu, kafa kwa kisu, kasukumwa ngazini, kakutwa kabatini. Wenzake wakipewa kupenda na kuachwa, yeye akipewa shuka jeupe na kuambiwa asipumue. Nani kati yetu angelivumilia? Yeye alivumilia, akafa kwa adabu zote, mpaka wenyewe wakaona haya wakaanza kumpa kuishi. Na alipopewa kuishi alicheza malkia, akacheza wauza samaki, akacheza mama waliofiwa na mama waliowaua wana wao, akavishwa nishani, na leo hapana mwigizaji wa Kiingereza asiyesimama yeye akiingia. Tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia.

Lakini nnataka kueleza namna yake ya kufanya kazi, maana humo ndimo lilimo jambo letu. Bi Mahbuba alikuwa hamchezi mtu aliyepata kuishi duniani bila ya kwenda kwanza kaburini kwake kupiga hodi. Ndiyo, hodi hii hii tunayopiga milangoni kwetu, mara tatu. Ndivyo alivyolelewa: huingii kwa mtu bila ya ruhusa yake, na kuvaa maisha ya mtu ni kuingia kwake. Akisha kupiga ya tatu husimama kidogo, akaomba radhi, akamuombea maiti, akenda zake. Kimya cha makaburini, akisema, nitakihesabu ruhusa. Waingereza wenzake walimcheka, baadaye wakazoea, na wengine wakawa wanafuatana naye. Sheikh Hamood, nakuona unatikisa kichwa. Maiti hawaitiki hodi. Nimesoma chuo cha Kurani kama ulivyosoma wewe, na sikupingi. Mie nnahadithia nilivohadithiwa.

Mwaka mmoja, mie ningali mtoto wa skuli, akapewa mchezo wa televisheni uliotokana na kisa cha kweli. Mwanamke kaokotwa ufukweni, upande wa mashariki wa Uingereza, kafa maji. Rangi yake ya kwetu, hana mkoba wala kitambulisho, na chini ya koti zito kajifunga kanga. Polisi walitafuta jamaa zake, hapana aliyejitokeza, basi mji ukamzika kwa jiwe lenye nambari. Bi Mahbuba akaenda kwenye jiwe lile mchana kweupe, upepo unavuma kutoka baharini, dereva anamngoja getini anakula mkate. Akapiga hodi ya kwanza. Akapiga ya pili. Ya tatu hakuwahi kuipiga, maana kutoka chini aliitikiwa, kwa sauti ya mtu aliyeshughulika jikoni: "Karibu."

Karibu ya kwetu, ndugu zangu, ya Unguja walikotoka wazee wetu. Katika mji ule wa Wazungu, juu ya nyasi zile, nani angelimwitikia hivo? Bi Mahbuba anasema hakupiga ukelele wala hakukimbia. Alirudi garini akafunga mlango, akamwambia dereva amrudishe hotelini, na kesho yake akavaa koti kama lile la maiti akaingia majini kucheza.

Sasa sikilizeni kosa letu sisi, ambalo sijui kama watu wengine duniani wangelilifanya. Shangazi yake Bi Mahbuba, Mungu amrehemu, alikuwa jirani yetu hapa hapa Maskati. Abiria mmoja akamletea mkanda wa video kutoka London, na shangazi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Mkanda unaanza, bwana wa habari kasimama ufukweni na kipaza sauti, nyuma yake watu wanatoa maiti baharini, na maiti ni Mahbuba wake. Likaja jeneza, likaja kaburi. Angelijuaje kuwa ni mchezo? Kilio kikaanza papo hapo. Kufika adhuhuri nyumba imejaa, masufuria ya wali yako motoni, juzuu za Kurani zimegawiwa, na mie na udogo wangu nikapewa juzuu Amma. Mama yangu huyu alisoma Yasin mpaka sauti ikamkauka. Tukakhitimisha, tukamuombea yule aliyekufa maji ugenini bila ya jamaa wa kumuosha.

Siku ya pili simu ikalia, na maiti akamsabahi shangazi yake. Chekeni, mna ruhusa. Mtaa mzima ulicheka, na Bi Mahbuba mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Shangazi hakucheka. Alimuuliza kitu kimoja tu: "Basi khitma yetu kaipokea nani?"

Jibu Bi Mahbuba alilipata jukwaani. Tangu majira ya baridi ya mwaka ule, kila alipocheza, London au kwengineko, alimwona katika mstari wa pili mwanamke wa koti zito, nywele zimemrowa, kanga inachungulia kwa chini. Hapigi makofi. Watu wakicheka yeye hacheki. Wauza tiketi wakiapa kiti kile hakikuuzwa, na mchezo ukisha wafagizi hukikuta kimerowa, na sakafuni maji ya chumvi. Mwanzo Bi Mahbuba alimwogopa, akawa anatapika nyuma ya pazia. Halafu akamzoea. Halafu, ananiambia, akawa anamchezea yeye, na sisi wengine tukila makombo. Wale wa magazeti waliopata kuandika kwamba anacheza kama anayetazamwa na mtu tusiyemwona hawakukosea sana. Na jana usiku mchezo ulipokwisha hapa, fundi wa kiyoyozi kaitwa kutazama maji ya mstari wa pili. Hakuona panapovuja.

Kila mara, taa za jukwaani zikizimwa, mwanamke yule humjia mpaka sikioni akamuuliza swali moja, siku zote hilo hilo. Bi Mahbuba aliwauliza Waunguja wa Portsmouth, hapana aliyelielewa. Akaishi nalo miaka yote ya kazi iliyofuata, mpaka mwezi uliopita alipokuja kwangu mtaa wa Al Khuwair tupange shughuli hii. Tunakunywa kahawa, nnamtania kuwa kashasomewa khitma kabla ya siku zake na hatudai tena, yeye hakutaniana nami. Akaweka kikombe chini, akanihadithia yote haya niliyokuhadithieni, na mwisho akalitamka lile swali: "Huniuliza, Chonge keshalala?"

Chonge ni mie. Utotoni jino langu hili lilitangulia wenzake, na duniani mtu mmoja tu akiniita hivo, tena kitandani, akinilaza: dada yangu Thuwaiba. Hata Mama hakuwa akilijua jina lile.

Wakubwa mnamkumbuka Thuwaiba. Alikwenda Uingereza kusomea uuguzi. Salamu zikija, kisha zikapungua, kisha zikakatika. Baba alikwenda kumtafuta akarudi mikono mitupu. Na nyinyi ndugu zangu, sikusudii wote, lakini waliomo wanajijua, mlisema kaolewa na Mzungu, kawakana wazee wake, anaona haya kwao. Mlisema harusini, mlisema misibani, mlisema na Mama anapita. Baba kafa na uchungu wa mwanawe. Mama alikataa katakata asisomewe; mwanangu yu hai, akisema, na aliye hai hasomewi. Kila Idi humpakulia sahani yake, ikakaa mpaka ikapoa, na sisi tukala kimya kimya. Niliichukia sahani ile, Mama. Niliichukia kwa sababu nilikuwa nnamtaka mwenye sahani.

Polisi wa Kiingereza wameshachukua mate yangu kuyalinganisha na mabaki ya yule wa jiwe lenye nambari, na majibu bado. Mie siyangojei majibu. Nnajua nani alikuwa akinilaza. Nnajua pia kuwa dada yangu hakumkana mtu: kafa na kanga mwilini, na alipopigiwa hodi aliitika kama tulivyofunzwa nyumbani. Khitma pekee aliyopata ni ile tuliyomsomea kwa jina la mtu mwengine, na mamaake mzazi akaisoma bila ya kujua. Na Bi Mahbuba leo anashuka. Aliniambia, na macho yake yakarowa: "Hunipata jukwaani tu. Nikishuka, atakwenda kwa nani?"

Hili ndilo lililomo mikononi mwetu. Nilimwambia Mama jambo lote hili, neno kwa neno, wiki iliyopita, chumbani kwake. Nilidhani atalia, nilidhani atanifukuza. Alikwenda kutawadha kwa maghrib. Akisha kusali akaniambia kuwa mwanawe alisemwa mbele za watu, basi na yeye atajibu mbele za watu, nimuulize leo. Baadhi yenu mtaniona mkosefu wa adabu, kumuuliza mzee kitu hiki katika shughuli ya kuagana. Ni amri yake.

Basi Mama, mbele ya mgeni rasmi, mbele ya Sheikh, mbele ya waliosema na mbele ya waliosikiliza, nakuuliza mie mwanao uliyebaki naye: unaturuhusu tumsomee Thuwaiba?

Mpeni kipaza sauti. Hakitaki. Nyamazeni kidogo basi, sauti yake ndogo.

Anasema: "Alikuwa mwanangu mzuri. Msomeeni kwa jina lake."

Mmesikia. Waliokuwa mbali waulize waliokaa karibu, na nyote mkifika majumbani muwaambie ambao hawakuja. Jina lake Thuwaiba bint Jaifar bin Safwan. Mamaake ni huyu hapa. Hakuolewa kwa siri, hakuwakana wazee wake, hakuona haya kwao. Alikufa maji ugenini, na hatukujua.

Bi Mahbuba, tulikuja kukuaga kwa maua na maneno matamu, nami nimekutwika msiba. Utanisamehe. Watu watakusifu kwa malkia uliowacheza, na wana haki. Sisi nyumba yetu tunakushukuru kwa mgeni uliyemchezea miaka yote hii bila ya kumjua, ukamwogopa na bado ukamwachia nafasi. Leo akija kukuuliza swali lake, mjibu kuwa Chonge mtu mzima, hulala mwenyewe, na Mama yuko nami. Mwambie na jina lake limetajwa.

Sheikh Hamood, mengine yote niliyosema unaweza kuyakataa na mie nisikulaumu, lakini kumuombea maiti Muislamu hukatai. Nitakuomba utuanzie. Bi Mahbuba ataka kubaki hapa hapa juu ya jukwaa mpaka tuitikie amina, kisha ndipo atashuka, na Mama kaomba yeye ndiye amshike mkono.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wageni waalikwa, nimekuwekeni sana. Asanteni kwa kunisikiliza, mlioalikwa na asiyealikwa. Al-Fatiha.