Mkono Uliotangulia Mguu: Maisha ya Fundi Papasa

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake mliofika kutusindikiza, familia imeniomba mimi, shemeji yake, ndugu wa tumbo moja na mke wake, niwasomee maisha ya mtu ambaye wengi wenu mmekuja hapa mkikanyaga kazi ya mikono yake, maana hata nikiinamisha macho nisilie naishia kuziona soli alizowashonea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga karibu na stesheni, akiwa mtoto wa tatu wa mpishi wa hoteli na mama aliyefua nguo za watu, akaanza shule ya msingi Januari 1966 na kuimaliza mwaka 1972, akatoka na mwandiko mzuri ajabu na hesabu mbovu, na hizo hesabu hakupatana nazo mpaka mwisho.

Juni 1973 alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi viatu mmoja mkali, aliyekuwa na kibanda chini ya ngazi za jengo la posta, ambaye siku ya kwanza alimpa kiatu kilichokwisha kutengenezwa akamwambia avae, akavaa, akaruka kwa uchungu kwa sababu ncha ya msumari ilikuwa imetokeza ndani, na yule mzee, bila hata pole, akamwambia kwamba maumivu hayo mteja hapaswi kuyajua, kwamba mkono wa fundi ndio unaotangulia mguu wa mteja. Tangu siku hiyo hakumkabidhi mtu kiatu kabla ya kuingiza mkono na kupapasa ndani mpaka kwenye vidole, akiwa amefumba macho kama anayesikiliza redio ya jirani, ndipo atamke neno lake moja, "safi", nacho kiatu kiende. Hapo ndipo alipopata jina la Fundi Papasa, jina ambalo dada yangu alipolitaja nyumbani kwa mara ya kwanza, baba yetu aliguna na kuuliza kama huyo kijana hana jingine, maana hilo si jina la kujia posa.

Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, wakajaliwa watoto watatu, wavulana wawili na binti kitindamimba, na mwaka 1986 akafungua banda lake mwenyewe katika mtaa wa nyuma ya soko, lenye mlango wa bati, kalibu za mbao za kuundia viatu zilizopangwa ukutani, na benchi ambalo watu walikaa peku wakisubiri viatu na kupiga soga hata pale viatu vilipokuwa vimekwisha.

Mwaka 2008 aligundulika kuwa na kisukari, akakipokea kwa utani kama alivyopokea kila kitu, lakini mwaka 2015 mguu wa kushoto ukaanza kumchomachoma kama umekalia sindano, kisha ukawa unawaka moto usiku hata shuka likigusa vidole hawezi kulivumilia, kisha ukafa ganzi. Neno hilo la kufa alilikataa nyumbani kwake, akasema mguu umesinzia tu, na sisi sote tukajifunza kuulizia kama mguu umeamka. Katika kliniki ya miguu muuguzi alimweleza kwamba mishipa ya fahamu imeharibika, akamfundisha kuosha miguu kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, kukausha katikati ya vidole, kutazama unyayo kwa kioo kila jioni, kutotembea peku hata chumbani, na zaidi ya yote kuingiza mkono kwenye kiatu kabla ya kuingiza mguu, na hapo shemeji akacheka mpaka wagonjwa wa kwenye korido wakageuka, akamwambia, "Dada, hilo ndilo jina langu."

Alizifuata kanuni hizo, huo ni ukweli na ni haki yake usemwe, na dada yangu akawa mshika kioo, wakakaa miaka minane bila kidonda.

Tarehe 2 Desemba 2023 alimwoza binti yake, na viatu vyeusi vya siku hiyo alivibadilisha soli kwa mikono yake mwenyewe, hakutaka fundi mwingine avishike, asubuhi mke wake akamwona akipapasa ndani, amefumba macho, akatamka "safi", akavaa, akamshika binti mkono, akacheza mpaka wapiga muziki wakafunga vyombo. Jioni soksi ya kushoto haikuvulika, ilikuwa imegandamana na damu, na msumari ulikuwa umesimama ndani ya kiatu, mrefu, wa kuonekana na kila mtu.

Dada yangu anasema shemeji hakuutazama mguu, aliutazama mkono wake. Ndipo akakiri kwamba vidole vya mikono navyo vilikuwa vimesinzia tangu mwaka uliotangulia, kwamba gundi ya moto ilimuunguza bila kujua na msharasi wa kutobolea ngozi ulimponyoka mara kwa mara, na kwamba hakumwambia mtu yeyote, wala yule muuguzi, kwa sababu aliogopa kuambiwa afunge banda. Familia ilimkasirikia, sitaficha, mimi nilimkasirikia mpaka nikashindwa kumwamkia, kwa sababu mwaka mzima alikuwa akisema "safi" juu ya kitu asichokihisi, na nilikuwa nampenda.

Kidonda hakikusikia dawa, tarehe 9 Januari madaktari wakaukata mguu chini ya goti, naye akawauliza kama sasa wateja watamletea kiatu kimoja kimoja, wakacheka, lakini sumu ilikuwa imekwisha kuingia kwenye damu, na alfajiri ya tarehe 21 Januari 2024 akatutoka, mke wake akiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, hasa yule dada wa kliniki ya miguu, ambaye tunamwambia kwamba alifundisha vyema, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wa mtaa wa nyuma ya soko waliofunga mabanda yao leo.

Jana wakati wa kumvalisha suti yake, dada yangu aliomba viatu vile vyeusi viletwe vyote viwili, akaambiwa kimoja kingetosha, lakini akaingiza mkono katika cha kulia akapapasa mpaka kwenye vidole, akaingiza na katika cha kushoto, ambacho hakikuwa na mguu wa kukivaa, akapapasa hicho kwa muda mrefu zaidi, akasema, "Safi."

Pumzika kwa amani, Fundi Papasa, viatu vimekaguliwa.