Mama Suuza na Maji ya Kijito

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea kwa ufupi maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Suuza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za nyuma ya soko, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, na tarehe 4 Februari 1980 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, chumba cha rangi. Mwaka 1984 alifunga ndoa na fundi wa boila, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2006, wakajaliwa watoto wanne.

Watoto hao walipokuwa wadogo, kijito cha nyuma ya kiwanda, kilichomwagiwa maji ya rangi, kiliamka chekundu Jumatatu, Jumanne cha bluu, na kwa kuwa wanawe walikivuka kwenda shule, moyo wake haukutulia. Alimwomba msimamizi maji ya kusuuzia vitambaa mara ya mwisho, ambayo huwa karibu safi, yasimwagwe, yahifadhiwe kwenye tangi yatumike kuanzia kazi inayofuata, ili maji machafu ya kijitoni yapungue, akaomba hadi akachoka, mpaka 1998 akakubaliwa. Haukupita muda, akiwa amekesha na mtoto mwenye homa, alifungua tangi lisilo lenyewe, lenye maji ya rangi nyekundu, mashuka ya hospitali yakatoka ya waridi, wenzake wakamtania, "Mama Suuza, wagonjwa si watadhani wako fungate!" naye akacheka nao, lakini alihamishiwa kukunja vitambaa miaka mitatu, na maji yakarudi kumwagwa kijitoni. Aliporudishwa alianza kuomba upya, bila makelele, hadi tangi likarudi kazini, na watu wa bondeni wakamwagilia tena mboga zao.

Alistaafu mwaka 2021. Mwaka uliofuata pampu ya tangi iliharibika, ikaachwa hivyo hivyo, na figo zake nazo zikaanza kumsumbua. Kila aliyekuja kumjulia hali, marehemu alimuuliza kijito kikoje, akajibiwa, kisafi, Mama, naye akizitazama ndala zao zilizoingia bluu, alishukuru, akageukia ukutani. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kumshusha ngazi kila siku ya kliniki, na wenzake wa kiwandani mlioacha zamu mkaja. Nanyi wenzake, familia haina neno kubwa, ila tunaomba, kesho mkiingia kazini, pampu ile itengenezwe, kwa sababu wajukuu wake wanavuka pale pale.

Mama, umechoka vya kutosha. Pumzika sasa, kwa amani.