Bibi Zuleha binti Hilali, Mwosha Maiti wa Kasulu

Bibi Zuleha binti Hilali, tunayemsindikiza leo Ijumaa, tarehe 9 Novemba 1979, alizaliwa Ujiji mwaka 1921. Baba yake, Mzee Hilali, aliuza chumvi.

Utotoni alihitimu chuo cha Qurani. Kusoma Kiswahili alianza mwaka 1973, katika kisomo cha watu wazima hapa Kasulu, akiwa na miaka hamsini na miwili. Mwalimu aliposema wakongwe waruhusiwe kuondoka mapema, Bibi aligeuka nyuma akauliza, "Mkongwe ni nani humu?"

Mwaka 1938 aliolewa na Bwana Abdulrahmani, fundi cherehani wa Kibondo, wakajaliwa watoto watatu. Walihamia Kasulu mwaka 1952. Hapa ndipo alipoanza kuosha maiti za wanawake, kazi aliyoifanya kwa thawabu tu. Majirani Waha walimwita Mawe, yaani mama.

Mwaka 1978 kipindupindu kiliingia. Tangazo likabandikwa sokoni: aliyekufa kwa ugonjwa huo asioshwe, azikwe na watu wa afya. Bibi alilisoma mwenyewe, neno kwa neno. Sheikh Khatibu alieleza kwamba penye dharura dini inaruhusu maiti kutayamamishwa, yaani kupakwa vumbi safi badala ya kuoshwa kwa maji, lakini wengi hawakuridhika. Wakaficha wagonjwa, wakaosha maiti zao kwa siri, na waoshaji nao wakafa.

Bibi alimwendea bwana afya Felisiani Ntirampeba, Mkatoliki wa Munanila, ambaye yupo nasi hapa.

"Mwanangu, vijidudu hivi vinakufa kwa dawa gani?"

"Kwa klorini, mama."

"Ukiitia kwenye maji, yanabaki maji?"

"Hilo si la sheikh?"

"Sheikh kasema maji hata yakitiwa dawa yanabaki maji, yanafaa kuoshea maiti. Nakuuliza wewe, yataua ugonjwa?"

"Yataua. Lakini amri ni amri, mama."

"Imeandikwa na watu. Twende tukawaone."

Walikwenda wilayani watatu, pamoja na sheikh. Walisikilizwa kutwa nzima, na jioni wakaruhusiwa kujaribu: bwana afya apime dawa, Bibi avae glavu na buti, ndugu wabaki nje.

Wa kwanza alikuwa bibi harusi wa miezi mitano kutoka Kagerankanda. Bwana Felisiani anasema, "Niliingia kusimamia dawa. Nilipomwona anavyomgeuza yule binti, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha, nikajikuta nimevua kofia."

Habari zilipoenea, watu waliacha kuficha wagonjwa. Wengi walifikishwa hospitali mapema, wakapona. Bibi aliosha maiti thelathini na moja. Kezia, Mkristo aliyekimbia Burundi, alipomwomba amwoshee mama yake, alijibu, "Sala zenu salini wenyewe, maji nitamwagia mimi." Hakuugua hata siku moja. Waliosema ni muujiza aliwaambia, "Mungu ni mkubwa, na glavu nilivaa."

Agosti mwaka huu shinikizo la damu lilimpoozesha upande wa kulia. Alifariki jana alasiri, nyumbani kwake. Mwosha huoshwa: asubuhi hii bintiye Mwajabu alimwosha. Mlangoni Kezia alikuwa amesimama na ndoo ya maji, hakuna aliyemwita.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu kumi na wanne, na mji mzima unaomwita mama.

Ee Mola, mpokee mja wako, umpe kaburi pana na pumziko lenye amani. Amina.