Namba Juu ya Jina la Apolonia

Benchi la Frida muuza kahawa, pale Migoli karibu na mwalo wa bwawa la Mtera, lilikuwa na ubishi tangu asubuhi. Bwana samaki, ofisa wa uvuvi, alikuwa amepita akitangaza kila mtumbwi uandikwe namba ya usajili ubavuni, upande wa mbele. Mzee Kalinga alinuna. Hapo mbele ya mtumbwi wake ndipo marehemu mkewe alipoandika APOLONIA kwa rangi iliyobaki ya madirisha. Namba ikiingia, jina linatoka.

— Enzi zetu nani alihitaji namba? alisema Kalinga. Wa Jailos niliujua kwa kiraka, wa Yotamu kwa ulivyolalia upande. Mimi nikitokeza mbali kule, Apolonia anainjika ugali. Anajua ni mimi.

— Enzi hizo mitumbwi ilikuwa kumi na mbili, mzee wangu, alisema Frida akimimina. Leo utahesabu mpaka kahawa ipoe.

— Namba hiyo inasomwa na setilaiti, alidakia Timotheo, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimwi. Ukichoma perege mmoja hukohuko majini, ofisini wanasikia harufu.

— Acha fiksi wewe!

— Kweli tupu. Mwakani na samaki wanapewa vitambulisho. Perege hana kitambulisho, haingii kikaangoni.

Walicheka wote isipokuwa Kalinga. Alimkumbuka Apolonia akimwita kutoka mwaloni.

Mara akashuka mtu kwenye bodaboda, suruali imelowa mpaka magotini.

— Kamwene, alisalimu.

— Kamwene, mnyalukolo. Karibu kahawa, aliitikia Frida.

— Nimetoka ng'ambo. Asubuhi tumekuta mtumbwi umepinduka. Wa bluu, una kiraka cha bati nyuma. Mtu hatujamwona. Ni wa nani?

Redio alizimika. Frida aliweka birika chini. Wote wakamgeukia Kalinga, anayejua viraka vyote. Mzee akaanza kuhesabu mitumbwi ya bluu yenye kiraka cha bati. Alifika saba, akapotea. Hakujua aende kubisha hodi mlango upi.

— Sijui, alisema, na aibu ikamshika.

Frida alishaanza kupiga simu, nyumba hadi nyumba. Kalinga akasimama, akamshika Redio begani.

— Kamwite bwana samaki aje na brashi. Aanze na wangu.

— Na jina la mama, je?

— Aandike hapohapo juu yake. Apolonia mimi namjua bila maandishi.