Miaka Thelathini na Minne ya Ndege, Tumbili na Sahihi Moja

Tarehe 30 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Rodah Chepkemboi atafunga kabati lake la fomu kwa mara ya mwisho na kuondoka katika ofisi yetu ya Kericho, baada ya miaka thelathini na minne ya kudhibiti ndege na wanyama waharibifu. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika maneno haya. Walijitokeza wenye digrii mbili, na mmoja mwenye tatu. Nikawaambia wakae chini. Mimi Muriuki, dereva, niliyeacha shule kidato cha pili, nimemwendesha mama huyu miaka kumi na saba, tena kwa Landrova isiyo na redio, ambamo huna cha kusikiliza ila mtu aliyekaa kando yako. Hakuna anayemjua kunishinda. Halafu kuna jambo ambalo ni mimi tu ninayeweza kuliandika. Ndani ya faili lake kuna barua ya onyo, na haendi nyumbani Roret kabla sijaisemea.

Lakini tuanze mwanzo. Barua imengoja miaka tisa, inaweza kungoja aya chache zaidi.

Bi. Rodah aliajiriwa mwaka wa 1991, wakati watu wengi waliamini kwamba kazi hii ni ya mwanaume mwenye bunduki. Yeye alipewa baiskeli na kitabu cha fomu. Na kwa faida ya wageni wetu wa leo, wacha nieleze, maana bado kuna wanaodhani serikali huja tu kupiga risasi na kwenda zake. Mkulima akisumbuliwa hujaza fomu. Ofisa huenda kuona kwa macho yake. Kisha huamua kama mnyama atafukuzwa, atahamishwa, au, mwisho kabisa na kwa kibali chenye sahihi, atauawa. Wapo wengine wanaolindwa na sheria, na hao hata ulie machozi ya damu, kibali hakuna. Bi. Rodah aliishika sheria hiyo kama vile mchuma chai anavyoshika kikapu chake. Hakiachi nyuma hata akienda kunywa maji.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Mogogosiek, ambako tumbili walikuwa wakivuka mashamba ya majani chai na kumaliza mahindi ya watu. Siku ya kwanza ya kusikiliza malalamiko aliweka meza yake nje ya kinu cha kusaga unga. Hata hajampokea mtu wa kwanza, tumbili mmoja akateremka kutoka paa la mabati, akachukua muhuri wa serikali na kupanda nao juu ya mkaratusi. Watu arobaini walikuwa kwenye foleni. Wa kwanza alikuwa Mzee Kimeli, naye akainua fomu yake kuelekea mti.

“Bosi!” akapaza sauti. “Nipigie basi! Nimekuja tangu asubuhi!”

Watu walicheka mpaka wakashikana. Bi. Rodah alivuta kiti, akaketi chini ya ule mti na kungoja. Saa tisa tumbili alichoka na muhuri usiolika, akautupa. Bi. Rodah akaupangusa kwa sketi na kumpigia Mzee Kimeli fomu yake. “Yako sasa imeidhinishwa na pande zote mbili,” akamwambia.

Mimi sikuwepo siku hiyo, nilikuwa darasa la pili. Lakini kisa hiki nimekisimulia Nakuru, Mombasa, na hata ng'ambo ya mpaka kule Arusha, na kila ninapokisimulia, nasema nilikuwepo.

Jambo moja ambalo Bi. Rodah hakulifanyia mzaha ni sumu. Katika baraza za Sigowet, Roret na Mogogosiek, alikuwa akisimama na kuwaambia watu waziwazi kwamba chupa ya sumu haijui kusoma: ukiitegea tumbili itaua mbwa wako, kuku wa jirani, na mwewe aliyekuwa akikulia panya bure. Wazee wengine walinuna. Kisha walirudi nyumbani, na kesho yake unawaona wakija ofisini na chupa zimefungwa kwa gazeti, na kuziweka mezani. Hakuwahi kumuuliza mtu jina. Aliandika tu idadi ya chupa.

Sasa ile barua.

Ilikuwa Aprili 2016. Kule Soin mpunga ulikuwa unaiva, na kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, walikuwa wameshuka juu yake kama wingu lenye midomo. Karani wetu Monicah alikuwa kwenye likizo ya uzazi, nami nikajitolea kupokea fomu. Nina mwandiko mzuri, nasema bila aibu. Nusu ya kadi za harusi za mji huu zimepita chini ya kalamu yangu.

Siku moja akaingia mama mjane kutoka bondeni chini ya Sigowet, jina lake Joan, ambaye watu humwita Mama Kipngeno. Ndege walikuwa wameng'oa mahindi yake yakiwa na majani mawili tu. Akapanda tena, wakang'oa tena. Alikuwa amebaki na mbegu za kupanda mara moja, na zikienda hizo, mwaka huo nyumba yake haina ugali. Fomu yake ilikuwa imejazwa safi isipokuwa nafasi moja, ile ya jina la ndege au mnyama.

“Mama, ni ndege gani?” nikamuuliza.

“Ni wale.”

“Wale gani?”

“Wale, wa huko kwetu. Madam akija atawaona.”

Ningetumia akili hapo, leo ningekuwa naandika mambo mengine. Marehemu mume wake alikuwa wa ukoo wa kong'ony, yaani yule korongo mwenye taji la dhahabu kichwani, na watu wa ukoo huo humhesabu ndege huyo kama mtu wa kwao. Watoto wake ni watu wa kong'ony. Mama Kipngeno alikuja kuomba msaada, hakuja kumshtaki mtu wa nyumbani kwake kwa serikali, kwa jina, kwenye karatasi. Ndiyo maana aliacha pengo. Lakini mimi, mtoto wa mama aliyetoka Nyeri kuja kuuza viazi soko la Kericho, niliyejiona najua Kipsigis kuliko wenyewe, sikuuliza tena. Fomu kumi na moja za wiki hiyo zilikuwa za kwelea. Nikachukua kalamu nikaziba pengo: KWELEA. Kwa herufi kubwa, nzuri sana.

Msimu wa kwelea ukiwa mbaya, utaratibu uliruhusu kibali kutoka bila ofisa kuzuru kila shamba kwanza. Bi. Rodah alitia sahihi rundo lote jioni hiyo. Aliuamini mkono wangu.

Wiki iliyofuata tulikuwa kando ya kinamasi kilicho chini ya shamba la Mama Kipngeno, jua likielekea kuzama, maana kwelea hunyunyiziwa wakirudi kulala kwenye matete. Kiongozi wa timu ya kunyunyizia alikuwa Owiti, mtu wa kazi safi, asiyependa maneno mengi. Mashine ilikuwa inanguruma. Mara Mama Kipngeno akaja mbio na jembe mkononi.

“Hizo pampu ni za nini?”

“Ni za ndege zako, mama,” Owiti akamjibu. “Leo utalala usingizi.”

“Ndege zangu? Nani alisema muue?” Akaketi chini, mbele kabisa ya gurudumu. “Basi nyunyizia mimi kwanza, halafu uende kwao!”

Bi. Rodah akageuka akaangalia kinamasi. Kwelea hakuwepo hata mmoja. Katikati ya matete walikuwa wamesimama korongo thelathini na wawili, na mataji yao, kama wageni wa heshima wanaongoja chakula. Ndege wanaolindwa na sheria, na sisi tumewaletea pipa la dawa. Bi. Rodah akachukua kile kibali, akakisoma polepole, kisha akaniangalia. Mimi nikaangalia tairi. Lilikuwa tairi zuri.

“Zima mashine,” akamwambia Owiti.

“Madam, dawa imeshachanganywa. Hairudi kwa mtungi. Na karatasi hii ina sahihi yako.”

“Ndiyo maana naitaka. Lete.”

Akaiweka juu ya boneti, akaandika KIMEFUTWA, akatia sahihi, tarehe na saa. Owiti akatikisa kichwa, kwa huruma kabisa.

“Watakuandikia barua, madam.”

“Waandike,” akasema. “Kalamu wanazo.”

Njiani kurudi nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu neno likatoka. “Madam, yale maandishi…”

“Muriuki, mwandiko wako naujua. Kericho nzima inaujua. Lakini wewe uko kwa kontrakti na una mtoto wa miezi miwili. Mimi nina kazi ya kudumu na kichwa kigumu. Tena aliyetakiwa kuuliza kabla ya kutia sahihi ni mimi. Endesha gari.”

Nikaendesha gari. Nimeendesha miaka tisa.

Barua ilikuja. Ilisema uzembe, ilisema dawa ya umma imeharibika. Wakati huo Bi. Rodah alikuwa ameshafanya mahojiano ya kuwa mkuu wa kanda, na kila mtu alijua kiti ni chake. Kiti kilikwenda kwa mwingine. Hakulalamika, hakutaja jina la mtu, na asubuhi iliyofuata alinisalimia kama kawaida, “Chamgei, Muriuki,” nikatamani anitukane.

Na mahindi ya Mama Kipngeno je? Sheria ilisema korongo haguswi, na Bi. Rodah mwenyewe ndiye aliyeandika jibu kwenye fomu mpya: HAPANA. Ofisa mwingine angefunga faili hapo aende kunywa chai. Yeye aliomba likizo ya siku ishirini na moja. Gari la serikali haliendi likizo, kwa hivyo nilimpeleka kila alfajiri kwa pikipiki ya shemeji yangu, mvua ikitupiga mpaka Sigowet, na kuteremka bondeni kwa matope. Mama Kipngeno alipanda zile mbegu zake za mwisho. Tukazungusha shamba kwa kamba za katani zilizofungwa makopo, na tukalinda. Siku ambazo sikuwa na zamu nilibaki kupiga debe. Mimi, niliyepiga ngoma katika harusi za watu wakubwa, nikawa natumbuiza ndege! Mama Kipngeno naye hakupiga kelele. Aliwaendea wale korongo na kuwaambia kwa Kipsigis, kwa adabu, kwamba leo hapana, watafute kinamasini.

Korongo hung'oa mahindi yakiwa machanga tu. Yalipofika gotini, wakaacha kuyaangalia. Mwezi wa tisa Mama Kipngeno alikuja ofisini na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, na mahindi ya kuchemsha karai zima. Bosi aliyetia sahihi ile barua alikula matatu.

Mwaka huohuo Bi. Rodah alileta jambo ambalo sasa ofisi nyingine zinatuomba nakala yake, nami najivuna kana kwamba nililibuni mimi, ingawa kwa njia fulani nililisababisha: fomu ya picha. Ile nafasi ya jina imeondolewa, na mahali pake pamechorwa ndege na wanyama ishirini na wanne. Asiyetaka kumtaja wa kwao anaweka tu kidole. Kuna mzee wa Roret ambaye hata kidole kilimshinda, akaweka punje ya hindi juu ya picha na kuangalia dirishani. Tulielewana vizuri kabisa. Tangu fomu hiyo ianze, hakuna kibali cha ofisi yetu kilichotoka na jina lisilo lake, na kwenye kile kinamasi mwaka huu tumehesabu korongo hamsini na saba.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa ofisa wa wafanyakazi, Bwana Nyamwange. Nikavua kofia nikamwambia yote, na nikamwandikia neno KWELEA mbele yake ili alinganishe herufi na ile fomu ya zamani. Alilinganisha kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kupokea barua yangu mwenyewe, na bado niko tayari, ije. Nikamwomba aitoe ile ya Bi. Rodah. Akasema ukurasa ukishaingia kwenye faili la serikali hautolewi.

“Haitoki kabisa?”

“Haitoki. Lakini unaweza kuweka mwingine juu yake. Andika, utie sahihi, nitaugonga muhuri.”

Basi ukurasa wenyewe ndio huu mnaousoma. Ninyi mmepewa nakala. Ule halisi umeshagongwa muhuri na uko ndani ya faili la Rodah Chepkemboi, juu ya ile barua, na yeyote atakayelifungua faili hilo atakutana nao kwanza: kosa lilikuwa la mkono wangu, na uthabiti ulikuwa wake. Nimetia sahihi. Hakuna nafasi niliyoacha wazi.

Madam Rodah, kongoi, asante sana, kwa niaba ya ofisi, ya wakulima, na ya mtoto yule wa miezi miwili ambaye sasa yuko darasa la nne na ana mwandiko mbaya, Mungu asifiwe. Nenda Roret ukachume majani chai yako bila haraka, unywe mursik kivulini, na kila asubuhi ikukute na afya. Tumbili wakikuingilia mahindi, fomu unajua ilipo. Weka kidole tu. Mimi nitakuja mwenyewe, na debe langu.

Muriuki, Dereva