Sauti Inayochelewa Nyuma ya Midomo

"Kikao cha Dharura cha Kamati ya Muda ya Kuchunguza Ucheleweshwaji wa Sauti Nyuma ya Midomo." Ndivyo Karani alivyokifungua asubuhi ile, kikombe cha kahawa mkononi, maana Karani alistaafu ofisini lakini ofisi haijastaafu ndani yake. Kwa lugha ya watu wasio na muhuri: kompyuta ya Fundi Cherehani ilikuwa inaonyesha video, ila mdomo unatangulia na sauti inafuata kwa mbali, kama mtu aliyerudi kuchukua viatu. Tuliitoa ndani, tukaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, mlangoni mbele ya benchi letu la soga, ninapokaa kila siku na Karani na Waya, umeme tukauvuta kwa Kinyozi, jirani wa ukuta mmoja. Ndani ya video yumo binti yake Fundi, mtoto wa pekee, aliyemlea mwenyewe tangu mama mtu alipofariki. Sasa binti yuko mbali, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli. Video ililetwa na msafiri mmoja kwenye flashi, akaiacha kwa Kinyozi wakati Fundi kaenda kununua uzi.

Karani: Mlalamikaji aeleze tatizo kwa ufupi.

Fundi: Mimi si mlalamikaji, mimi ni baba.

Karani: Basi baba aeleze kwa ufupi.

Fundi: Mtoto anasema, "Baba, kazi nimeizoea. Chumba kizuri, kina dirisha. Niko salama, usiwe na wasiwasi." Sasa tazameni. Anaposema "niko salama", anafuta machozi. Hapo! Mmeona?

Waya: Lakini sauti si imechelewa? Huenda kalilia neno jingine.

Fundi: Ndilo ninalotaka kulijua, Waya. Neno lipi? Kama ni huo usalama, basi hana usalama. Begi langu liko tayari nyuma ya cherehani. Leo hii nafunga duka, namfuata, namrudisha nyumbani.

Kinyozi: Si umpigie simu tu, jamaa yangu?

Fundi: Nimepiga. Kaniambia yuko salama. Sauti, ndugu yangu, unaweza kuishonea nguo yoyote. Uso ndio hauvai kitu.

Sote tulimjua mtoto huyo tangu akitambaa chini ya cherehani kuokota vifungo. Wa kwanza kushika kazi ni Waya, fundi wetu wa umeme. Nyumba alizozitia umeme zote zinawaka, isipokuwa ukibonyeza swichi ya jikoni, taa inawaka chooni.

Waya: Jamani, tatizo naliona kwa macho. Huu waya wa spika ni mrefu mno. Angalieni ulivyozunguka mguu wa meza. Sauti inapanda, inashuka, inapumzika njiani. Mwenda pole hajikwai!

Karani: Hiyo methali inamsifu mwenda pole, Waya.

Waya: Namsifu. Hajajikwaa. Amechelewa tu.

Waya wa spika ukanyooshwa, spika ikasogezwa mpaka ikagusana na kioo. Video ikaanza upya. Binti akafungua mdomo, akaufunga, akapepesa macho, ndipo tukasikia, "Baba."

Kinyozi: Uchafu huo. Kasha halipumui. Zimeni niwaonyeshe.

Karani: Kuzima na kuwasha ni utaratibu unaotambulika. Endelea.

Kinyozi akafungua ubavu wa kasha, akaingiza brashi yake ya kupangusia nywele shingoni mwa wateja. Ikatoka mirundo ya nyuzi nyekundu na buluu, vumbi la chaki, na manyoya ya kitambaa yaliyojisokota kwenye feni.

Kinyozi: Fundi, kompyuta yako imevaa sweta!

Tulicheka wote, na Fundi alijitahidi kucheka. Kompyuta ikawashwa, feni ikawa inazunguka bila kelele. Sauti ikachelewa vilevile, ila sasa tuliisikia vizuri zaidi ilivyochelewa.

Kinyozi: Ndiyo hivyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Fundi: Hiyo umeielekeza kwa nani?

Kinyozi: Kwa... kwa kompyuta.

Fundi alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo kwa kona ya kitambaa, taratibu, pale penye shavu.

Karani: Naomba nitoe uzoefu. Picha na sauti ni idara mbili. Picha faili lake limeshapitishwa, limetoka. Sauti bado ipo mezani kwa mtu, na mtu huyo kaenda kunywa chai. Koti lake liko kwenye kiti, kwa hiyo kiofisi yupo.

Waya: Sasa tufanyeje?

Karani: Tusubiri arudi. Mimi nimewahi kumsubiri mwenye koti mpaka akastaafu.

Waya: Hapana, mzee. Nimekumbuka radi! Radi unaiona kwanza, ngurumo inakuja baadaye. Kwa nini? Umbali! Na binti yuko wapi? Mbali!

Kinyozi: Lakini flashi si hii hapa mezani?

Waya: Flashi iko hapa, binti yuko kule. Tusichanganye mambo.

Kinyozi: Enhe, dawa yake?

Waya: Picha iko karibu mno na sisi, ndiyo maana inawahi. Tukirudi nyuma, picha nayo itachelewa, zitakutana njiani.

Ningependa kuandika kwamba kuna aliyekataa. Tulilibeba benchi, Karani mbele, Waya nyuma, akitoa amri. Hata mteja wa Kinyozi alitoka na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, akashika upande mmoja. Tukaketi ng'ambo ya njia, macho tumeyakunja. Pikipiki ikapita kati yetu na kompyuta, mwenyewe akageuza shingo mpaka kona.

Waya: Mnaonaje? Imekaribia?

Karani: Kwa kweli siuoni mdomo, kwa hiyo siwezi kusema umewahi.

Fundi: Mimi sasa simwoni kabisa.

Alisema kwa sauti ndogo, kama anayejisemea. Waya akainuka bila kuambiwa, akaanza kulirudisha benchi mwenyewe.

Tulikuwa katikati ya njia na benchi letu alipokuja msichana mwenye begi la safari begani.

Msichana: Shikamooni. Samahani, kwa Fundi Cherehani ni hapa dukani, au ni hapo kwenye benchi?

Kinyozi: Marahaba. Haa! Ndiye huyu! Huyu ndiye aliyeleta flashi!

Msichana: Ndimi, baba. Nafanya kazi pamoja na binti wa Fundi. Likizo yangu imekwisha, narudi leo. Nimepitia kuchukua majibu. Majibu yako wapi?

Karani alijipapasa mifukoni, kana kwamba majibu yangeweza kuwa humo. Tulikuwa tumechunguza waya, vumbi, idara mbili na radi. Kumjibu mtoto hakukuwamo kwenye ajenda ya mtu yeyote.

Fundi: Mwanangu, kabla ya majibu. Alipokuwa akirekodi, ulikuwepo?

Msichana: Nilimshikia mimi simu, baba.

Fundi: Alilia kwenye neno lipi?

Msichana akaweka begi chini, akainama mbele ya kioo, akaitazama video mpaka mwisho. Picha ilipoisha, sauti ikakatika hapohapo kwenye "wasiwasi".

Msichana: Mbona inaishia hapo? Alisema zaidi ya hayo.

Fundi: Alisema nini?

Msichana: Hapo anapofuta macho, hayo mnayoyasikia alikuwa ameshayamaliza. Alisema usiwe na wasiwasi, akanyamaza. Nikataka kuzima, akanizuia kwa mkono. Akawa anaitazama tu simu, kama mtu anayengoja. Halafu akacheka, akasema, "Aa, kumbe baba hawezi kunijibu." Hapo ndipo alipofuta machozi.

Waya: Kwa hiyo kuna maneno yamebaki humu ndani?

Hakuna aliyemcheka.

Fundi: Lakini yuko salama?

Msichana: Yuko salama, baba. Anakula vizuri, ananenepa. Ila anakukumbuka tu.

Fundi akaenda ndani, akarudi kavaa shati jipya, la mteja bila shaka, maana mikono ilimpita. Akaketi kwenye kigoda chake, msichana akainua simu. Karani akakohoa, ili aanze na salamu za kamati. Kinyozi akamziba mdomo kwa taulo, kwa heshima.

Yaliyotokea hasa ni haya. Kompyuta ni kuukuu na video ilikuwa nzito, sauti ikachelewa, na picha ilipoisha maneno ya mwisho yakakatwa. Binti alimaliza kusema, akangoja, hakujibiwa, akalia. Siku ile baba yake alimjibu.