Pampu Iliyokosa Ndoo

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka fundi wa maji ambaye kwao walimwita Kwanini. Ndiyo, Kwanini. Mdogo wake anasema, "Ukimwambia dada akalale, anakuuliza usingizi unatoka wapi."

Akiwa na miaka ishirini na tisa, shirika la misaada lilimpeleka nchi ya mbali. Mkataba wa mwaka mmoja. Kazi moja: kuchimba kisima. Alipanga chumba kwa mama mshonaji. Mlango wa chumba ulifungukia nje, naye kila asubuhi aliuvuta ndani. Lugha aliibabaisha. Alimwandikia mdogo wake: "Hapa hata kunyamaza kuna namna yake, na mimi sijaijua."

Kisima alikimaliza. Pampu akaiweka ndani ya uzio wa zahanati, isiibiwe. Maji safi, ya bure, hatua mia moja kutoka majumbani. Na hakuna aliyekuja, wasikilizaji. Hakuna. Wanawake walipita na ndoo zao kwenda kijito cha tope, nusu saa kwa mguu. Watoto wao walikuwa wakiharisha.

Ikabaki miezi miwili. Makao makuu wakaandika: pampu isipotumika, tutaing'oa.

Kwanini akaitisha mkutano, akafundisha habari za vijidudu. Watu wakampigia makofi. Kesho yake wakapita na ndoo zao.

Ndipo akaazima ndoo ya mama mwenye nyumba, akawafuata kijitoni. Siku nne hakuuliza kitu. Yeye, Kwanini! Siku ya tano ndoo ikammwagikia mgongoni. Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Mtaalamu, ndoo tu imekushinda?" mshonaji akamtania.

"Imenishinda, mama. Lakini mbona hamji kwenye pampu?"

"Mlinzi wa pale langoni anaandika jina la kila anayeingia. Niandikwe zahanati kila siku? Nani ataniletea nguo nimshonee, akisikia naumwa kila siku?"

Daftari la mlinzi! Kwanini mwenyewe alilisaini kila asubuhi, asilione.

Kesho yake aliung'oa uzio, akausogeza nyuma ya pampu. Pampu ikabaki barabarani. Jioni kulikuwa na foleni. Alipoambiwa apite mbele alikataa, akasimama nyuma ya ndoo kumi na sita.

Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Alikaa miaka kumi na mmoja.

Kwanini alifariki wiki iliyopita, hapa kwetu, hospitalini, akiwa na miaka sitini na tatu. Mdogo wake anasimulia: "Muuguzi alikuwa anamwekea dripu. Dada akauliza, 'Kwa nini mnaitundika juu hivyo?' Yule muuguzi akasema hajui vizuri. 'Basi ukijua, uje uniambie.' Kesho yake alikuja na jibu, akakuta kitanda kimeshatandikwa. Akakaa, akaniambia mimi."

Mdogo wake, wanawe, wajukuu zake: poleni sana. Tuko nanyi.

Nasi tuliobaki, tukimpelekea mtu msaada wetu naye akaupita, tusimkasirikie upesi. Tuazime ndoo, tumfuate.